Mwalimu Wekoye na Maji Yaliyopinda

Wekoye alikuwa na miguu isiyojua kutulia. Mama yake kule Bokoli husema alianza kutembea kabla ya kuota meno ya mbele, na kwamba hata leo hula amesimama, sahani mkononi, macho mlangoni. Darasani alikuwa vivyo hivyo. Alifundisha akizunguka, kutoka ubaoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni, na wanafunzi wa nyuma walizoea kugeuza shingo kama kuku. Ukimwambia aketi anakujibu, "Nakaa saa hii," kisha humwoni tena.

Hakusomea ualimu, na hilo tuliseme mapema kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote. Alimaliza kidato cha nne Kitale na alama nzuri ya kemia, baba yake akafariki mwaka uo huo, na habari za chuo kikuu zikazikwa pamoja naye. Mwaka wa 2001 shule moja ya kutwa upande wa Mabanga ilikosa mwalimu wa kemia. Yule aliyetumwa na serikali alifika, akaiona maabara yenye meza mbili na ukoo wa panya, akaomba uhamisho kabla ya kufungua sanduku lake. Halmashauri ya shule ikamwita Wekoye ashike zamu kwa muda. Huo "muda" ulikuwa umefika mwaka wa nne, na bado alikuwa akisubiri Tume ya walimu imkumbuke.

Kitabu chake kikuu kilikuwa daftari lake mwenyewe la shule, lililovikwa gazeti na kushonwa upya kwa uzi wa gunia. Vifaa alijitengenezea. Wanafunzi walipokwama kuelewa jinsi atomi zinavyoshikana, alikwenda kando ya barabara akachuma ndulele, yale matunda ya manjano machungu ambayo hata mbuzi huyapita. Kwa fundi wa baiskeli pale kituoni aliokota spoku kuukuu, akazikata vipande, akachoma ndulele huku na huku. Ndulele kubwa ikawa oksijeni, ndogo ikawa hidrojeni, na spoku ikawa kifungo kinachoziunganisha. Baada ya wiki moja molekuli zilioza na kunuka, zikatupwa, zikachumwa nyingine. Wanafunzi walimbatiza jina Mwalimu Ndulele. Alijifanya hasikii, lakini moyoni alilipenda.

Sasa, spoku ya baiskeli imenyooka. Na katika daftari la Wekoye maji yalikuwa yameandikwa hivi: H, kistari, O, kistari, H, yote juu ya mstari mmoja wa daftari. Basi maji aliyowaonyesha watoto yalinyooka kama rula. Ndulele ndogo, kubwa, ndogo, kwenye spoku moja. Aliyainua juu darasa zima liyaone, na darasa zima likayachora.

Siku moja ya mwaka wa 2002, darasa lile likiwa kidato cha pili, msichana mmoja aliinua mkono. Aliitwa Nakhungu. Alikuwa mwembamba, mkimya, anayeishi na shangazi yake nyuma ya soko la Mabanga.

"Mwalimu, si umesema kaboni dioksidi imenyooka, na vile oksijeni inavuta huku na hii ingine inavuta huku, inakuwa sare, ndio maana molekuli zake hazishikani na inakuwa hewa?"

"Ndiyo. Umeandika?"

"Nimeandika. Sasa maji nayo imenyooka. Si hiyo pia itakuwa sare? Mbona maji sio hewa?"

Juu ya ubao, kwa rangi nyeupe, palikuwa pameandikwa KUULIZA SI UJINGA. Wekoye alikuwa ameyaandika mwenyewe. Lakini kuna maswali yanayomvua mtu nguo mbele za watu, na hilo lilikuwa mojawapo. Alitazama daftari lake. Daftari halikuwa na jibu. Huko nyuma mvulana mmoja alicheka puani.

"Wewe umekuja hapa kufundisha ama kufundishwa?" Wekoye alifoka. "Kama una nguvu nyingi hivyo, kuna kisiki pale nyuma ya choo. Nenda ukang'oe."

Kilikuwa kisiki cha mkaratusi, na anayejua mkaratusi anajua mizizi yake inavyokwenda chini. Nakhungu alichimba siku mbili. Hakulia, hakunung'unika. Kisiki hakikung'oka, pakabaki shimo kukizunguka, na yeye akarudi darasani viganja vimetoka malengelenge. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena. Alipata alama nzuri, alijibu akiulizwa, lakini mkono wake ulikaa juu ya dawati kama umegundishwa. Wekoye aliliona hilo, akajiambia kuwa mtoto amepata adabu.

Miaka miwili ikapita. Mwaka wa 2004, juma la kwanza la mtihani wa kidato cha nne, kemikali moja ya mtihani wa vitendo ikaonekana haitoshi. Ijumaa asubuhi Wekoye akapanda kwenda Kitale kuomba kidogo kutoka kwa Cheptoo, ambaye walisoma naye darasa moja na sasa alikuwa msimamizi wa maabara ya shule kubwa ya huko. Watahiniwa wake kumi na wanne walikuwa nyumbani, wakisubiri karatasi ya kemia Jumatatu saa mbili.

Maabara ya Cheptoo ilikuwa na mifereji inayotoa maji kweli. Cheptoo alipokuwa akipima unga wa kemikali kwenye mizani, Wekoye alizunguka zunguka, akafungua hiki, akagusa kile, mpaka akafikia kisanduku cha molekuli za plastiki. Moyo ukamruka kwa wivu. Humo ndani akakuta moja yenye tufe jekundu katikati na mawili meupe pembeni. Ilikuwa imepinda kiwiko. Akaisikitikia. Wanafunzi wa siku hizi, akawaza, hawajui kutunza vitu. Akaishika kwa mikono miwili akaanza kuinyoosha, na kijiti kimoja kikakatika: ta!

"Wee Wekoye! Unafanyia nini maji yangu?"

"Ilikuwa imepinda. Nilikuwa nakunyooshea."

Cheptoo alicheka mpaka akatafuta stuli ya kukalia. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Ngoja. Wewe ulidhani imenyooka?"

"Si ndivyo tulivyoandika?"

"Tuliandika tu hivyo kwa mstari, bana. Maji imepinda." Alichukua lile tufe jekundu, akamwonyesha. Lilikuwa na matundu manne, mawili yamechomekwa hidrojeni, mawili matupu. "Unaona hizi mbili? Hapa kuna elektroni zinakaa mbili mbili, hazijashika mtu. Lakini si ati haziko. Zinasukuma. Ni kama mashemeji wawili wamekaa upande mmoja wa kochi. Hawaongei, hawaguswi, lakini wewe na bibi yako mmefinywa kwa kona."

"Kwa hivyo hidrojeni zote zinakaa upande mmoja."

"Upande mmoja. Ndio sasa maji inakuwa na mbele na nyuma. Mbele ya hii inavuta nyuma ya ile, ile inavuta ingine, zinashikana. Ndio unaona mpaka uchemshe sana ndio ziachane. Ingekuwa imenyooka, mvutano ingekuwa sare, haingeshikana. Ingekuwa tu hewa. Hakungekuwa na chai. Hata mto Nzoia haingekuwa."

Sare. Neno hilo ndilo lililompiga. Alisimama katikati ya maabara ya watu, kipande cha maji mkononi, akamsikia msichana wa kidato cha pili akiuliza, *Mbona maji sio hewa?* Swali lile halikuwa utundu. Lilikuwa jibu lenyewe, limebisha hodi darasani mwake, na yeye akalikabidhi jembe.

Aibu ilimshika, nasema aibu ya kweli, ile inayopanda kutoka tumboni hadi masikioni. Alichukua kemikali yake, akasahau kushukuru, akarudi Bungoma akihesabu vichwa: watahiniwa kumi na wanne, siku mbili. Kati ya hao, mmoja ndiye aliyemuuma.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wekoye aliamua kuyazoa, nyumba kwa nyumba.

Jumamosi alfajiri alichuma ndulele mfuko mzima, akatia spoku kwenye mkoba, akapanda baiskeli. Alianzia nyumba ya karibu, ile ya shangazi yake Nakhungu. Shangazi alikuwa akichambua maharagwe.

"Nakhungu? Alienda jana Endebess, mwalimu. Mama yake anavuna, na ametoka kuugua malaria. Atarudi na lori ya mahindi."

"Lini?"

"Jumatatu asubuhi mapema. Dereva amesema atamshusha hapo kwa geti ya shule, aingie moja kwa moja kwa mtihani."

Wekoye alishika usukani wa baiskeli. Alikuwa Kitale jana yake, na Endebess iko pale mbele tu, na wala hakujua. Jumatatu asubuhi hakuna mwalimu wa somo anayeruhusiwa kumkaribia mtahiniwa. Basi itabidi aende kesho. Leo azungukie wale kumi na watatu.

Wa kwanza alikuwa Salman, mtoto wa Abdi mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti wa Bungoma. Wekoye alipotoa ndulele mkobani, Abdi aliruka kutoka nyuma ya meza, akashusha mlango wa duka nusu, akavuta pazia.

"Polepole, mwalimu," alinong'ona. "Watu wana masikio. Mwambie tu mtoto, mimi sisikii kitu."

Wekoye, kichwa chake kikiwa kimejaa maji, hakuelewa. Alipinda spoku mbele ya Salman, akamweleza zile elektroni zisizoshika mtu, akamwomba msamaha kwa kumfundisha vibaya. Salman aliandika kila neno, hata lile la msamaha. Alipokuwa akitoka, Abdi alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mungu akulinde. Na hiyo maji ni swali ya ngapi?"

Hapo ndipo Wekoye alipoelewa. Mwalimu wa kemia anayezunguka nyumba za watahiniwa Jumamosi, siku mbili kabla ya mtihani, akinong'onezwa nyuma ya pazia! Nchi hii inamjua mtu kama huyo. Ni mtu mwenye karatasi iliyovuja.

"Hapana, mzee! Sijui swali hata moja. Nilikosea tu kufundisha."

"Naelewa, mwalimu," Abdi alisema, akikonyeza jicho. "Ulikosea. Tuseme hivyo."

Ukweli una shida yake. Kadiri Wekoye alivyokana ndivyo alivyoaminiwa. Kwa Mzee Mukhisa, upande wa barabara ya Webuye, alikuta kuku tayari yuko sufuriani. Habari zilimtangulia kwa simu ya jamii, ile ya kulipia kibandani.

"Karibu, mwarimu, kalibu kabisa. Keti. Hapa hakuna mtu wa kusema kitu."

"Mzee, sina karatasi."

"Hatujasema karatasi. Nani amesema karatasi? Mama, mwarimu anasema hana karatasi. Mletee paja."

Alikula lile paja amesimama, jasho likimtoka. Hakuweza kukataa, maana kukataa kuku wa mtu ni matusi, na kula kuku huyo ni ushahidi. Mtoto wa Mukhisa alichora maji yaliyopinda mara ishirini kwenye daftari, moja chini ya nyingine, na baba yake akazihesabu.

Kufikia alasiri vijana wa shule nyingine walikuwa wanamngoja kando ya barabara, wamekumbatia madaftari. "Mwalimu, ni kweli maji inakuja? Na ni ya kupinda?" Aliwapita akikanyaga pedali kwa nguvu, nao wakaambiana kuwa ndiyo dalili, mtu asiye na kitu angesimama. Alipomaliza nyumba ya kumi na tatu mfuko ulikuwa umebaki na ndulele tatu.

Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya kanisa, mwalimu mkuu Makokha alisimama mlangoni pake amevaa suti. Hakuingia.

"Wekoye, nimepigiwa simu na ofisi ya elimu. Wanauliza kama shule yangu iko na mwalimu anauza mtihani."

"Nilikuwa narekebisha kosa, bwana mkubwa. Niliwafundisha maji vibaya. Sikujua kitu kingine."

"Mimi naweza kukuamini. Lakini sikia. Jina lako liko kwa ile orodha ya Tume. Nimeandika mwenyewe, na kesho mchana naipeleka Bungoma. Baada ya miaka minne, kijana, miaka minne! Ukionekana leo na mtahiniwa hata mmoja, nitatoa jina. Sitakuwa na la kusema. Kaa nyumbani. Hata kanisani usiende."

"Amebaki mmoja."

"Huyo mmoja ni nani hata akushinde?"

Makokha akatikisa kichwa, akaenda zake na Biblia kwapani.

Kaa nyumbani. Alijaribu. Alisimama dirishani, akaenda jikoni, akarudi dirishani. Alijiambia kwamba Nakhungu ana akili, atapita tu, na swali lenyewe huenda lisitokee. Alijiambia kwamba ajira ya serikali haiji mara mbili, na mama yake Bokoli anazeeka chini ya bati linalovuja. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini kila alipofika dirishani aliona nyuma ya soko, na nyumba ya shangazi, na akakumbuka viganja vya mtoto vilivyotumbuka. Saa moja na nusu ilipogonga alikuwa ameshafika stendi, mkoba begani.

Endebess alifika saa tano. Mashamba yalikuwa yamekatwa, mahindi yamesimamishwa mafungu mafungu hadi chini ya Mlima Elgon, na upepo mkavu ukipitia katikati. Aliuliza mara mbili, akaelekezwa. Nakhungu na mama yake, Nasike, walikuwa wakimenya mahindi na kuyatupa juu ya turubai. Nakhungu alipomwona alisimama mara moja, mikono nyuma, kama yuko gwaride.

Nasike hakusimama. Alimtazama mgeni, akautazama mkoba.

"Habari zimefika hata huku, mwalimu," alisema. "Kama ni karatasi umeletea mtoto wangu, rudi nayo. Huyu atasoma na kichwa yake."

Katika siku mbili zile, huyo ndiye mzazi wa kwanza aliyemfukuza, na Wekoye alitamani kumpigia magoti.

"Sina karatasi, mama. Nimekuja kwa sababu nilimkosea."

Alitoa mkobani maji ya mtindo wake wa zamani, ndulele tatu zilizonyooka kwenye spoku moja. Alikuwa amepanga maneno njia nzima: oksijeni, elektroni, mashemeji wa Cheptoo. Hakupata nafasi. Nakhungu alinyoosha mkono, akaichukua ile spoku, akaweka goti chini yake na kuipinda. Si sana, si kidogo. Kiwiko kile kile cha plastiki cha Kitale. Akamrudishia.

Wekoye alikodoa macho. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu."

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili ya kisiki." Alisema akitazama chini. "Nilikuwa kwa shimo nafikiria. Ingekuwa imenyooka ingekuwa hewa. Na si hewa. Basi haijanyooka. Hiyo ya kusema ni nini inaipinda, ndio sikujua."

"Sasa mbona hukusema?"

Nakhungu aliinua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Wekoye kuliko hasira yoyote.

"Nilisema, mwalimu. Mara moja."

Upepo ulipeperusha maganda ya mahindi juu ya turubai. Nasike aliendelea kumenya, lakini polepole.

"Na kesho," Wekoye aliuliza, "wakikuuliza uchore maji, ungechora nini?"

"Yako."

"Na unajua ni makosa?"

"Yule wa kusahihisha pia ni mwalimu," Nakhungu alisema.

Aliketi chini, kwenye maganda, kwa suruali yake ya kazi. Ameharibu nini? Si mchoro wa maji. Mchoro unafutika. Alikuwa amemfundisha mtoto mwenye akili kuliko yeye kwamba ukweli unasemwa mara moja, na baada ya hapo unachimba kisiki. Na mtoto alikuwa amelishika somo hilo vizuri kuliko masomo yake yote.

"Nakhungu, ulikuwa sawa," alisema. "Mimi nilikosea. Swali lako sikujua jibu lake, nikaona haya, nikakuadhibu kwa haya yangu. Nisamehe."

Msichana alimtazama mama yake, kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka. Watoto wa huku hawaombwi msamaha na walimu. Nasike ndiye aliyejibu.

"Amesikia, mwalimu. Sasa mwambie ni nini inaipinda, halafu utusaidie hii mahindi. Lori inapakia saa kumi."

Akamweleza. Nakhungu alisikiliza bila kuandika, akaitikia kwa kichwa mara mbili, akarudi kwenye mahindi. Wekoye alimenya nao mpaka vidole vikawaka. Lori lilipoondoka na magunia bila abiria, maana safari ya Mabanga, ile ya kumchukua Nakhungu, ilikuwa alfajiri, Wekoye alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea Kitale.

Jumatatu, askari wawili walisimama langoni mwa shule, na ofisa mmoja kutoka elimu. Lori la mahindi lilifika saa moja na robo. Nakhungu alishuka na vumbi la mahindi kwenye nywele, akakaguliwa mifuko, akaingia. Wekoye alitazama kutoka mbali, chini ya paa la jiko. Makokha alimfuata huko.

"Jana ulikuwa wapi?"

Angeweza kudanganya. Endebess ni mbali, na Nasike si mtu wa midomo.

"Endebess."

"Kwa nani?"

"Kwa Nakhungu."

Makokha akatoa orodha ya Tume iliyokunjwa kwenye koti, akaifungua juu ya goti, akakata mstari mmoja kwa kalamu. Mkono wake haukuwa na furaha. "Wewe kijana una kichwa ngumu," alisema, akaenda kumsalimu ofisa.

Saa nne na robo watahiniwa walitoka. Wazazi wanne watano walikuwa wamejipanga langoni, Mzee Mukhisa akiwa mbele. Mwanawe alifika akiwa amenuna.

"Maji haikukuja, baba."

"Ati nini?"

"Hata neno moja ya maji. Walituuliza mambo ya chumvi na mafuta ya taa."

Mzee Mukhisa aligeuka kumtafuta Wekoye kwa macho, akampata. "Mwarimu! Sasa ile kuku yangu!" Watu wakaangua kicheko, na ofisa wa elimu aliposikia sababu ya kicheko naye akatabasamu, akafunga daftari lake. Mtu aliyekuwa na karatasi angejua kilichomo. Tuhuma zikafia pale pale langoni, kwa kucheka. Makokha alimtazama Wekoye, akagusa mfuko wa koti lake. Mstari ulikuwa umeshakatwa kwa wino, na orodha iligongwa muhuri tangu asubuhi, na dereva wa kumpeleka Bungoma alikuwa anangoja. Labda mwaka ujao. Wekoye alikaa miaka mitatu zaidi akisubiri hiyo "labda", lakini siku ile hakuwa akiiwaza.

Alikuwa amekwenda nyuma ya choo kuwakimbia wacheshi. Kisiki cha mkaratusi kilikuwa bado pale, na shimo lake limeota majani. Aliposikia hatua, aligeuka. Nakhungu alikuwa amesimama mwendo wa hatua kumi, kalamu bado sikioni. Hakukuwa na darasa wala dawati. Hata hivyo mkono wake wa kulia ulikuwa juu, kiganja wazi, na alama nyeupe za malengelenge ya zamani zikionekana.

"Ndiyo, Nakhungu."

"Mwalimu, niko na swali. Kama maji zinashikana hivyo, zikiganda si zitashikana zaidi, ziwe nzito, zizame? Mbona barafu inaelea?"

Wekoye alipitia daftari lake la gazeti kichwani, ukurasa kwa ukurasa, na ile aibu ya zamani ikaanza kupanda kutoka tumboni. Aliiruhusu ipande mpaka masikioni, kisha ikashuka yenyewe.

"Sijui," alisema.

Akaketi juu ya kisiki, akasogea kumpisha nafasi, na miguu yake ikatulia.

"Shusha mkono, ukae hapa. Tuanzie pale ulipoanzia wewe, kwa shimo."